Steve Davis: bingwa wa snuka aliyeitwa mtu wa kuchosha, na maisha yake nje ya meza

Wanajamvi, salaam.

Kila yanapozungumzwa maisha ya wacheza snuka (mchezo wa kutumbukiza mipira ya rangi mezani kwa fimbo) nje ya meza, majina yanayotangulia ni ya Alex Higgins, Jimmy White na Ronnie O'Sullivan, kwa sababu maisha yao yamejaa vituko, ulevi, ugomvi na majuto, na habari za namna hiyo husimulika kwa urahisi. Steve Davis hutajwa kwa idadi ya vikombe tu, kisha mazungumzo yanahamia kwingine. Naleta uzi huu kwa sababu naamini kwamba miongoni mwa mabingwa wote wa mchezo huu, yeye ndiye mwenye tabia inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, na kwamba sifa ya kuchosha aliyobandikwa katika miaka ya 1980 ilitokana na watu kuutazama upande mmoja tu wa mtu ambaye, tangu ujana wake, hakuwahi kupenda kitu nusunusu.

Kwa wasiomfahamu, nitaje vikombe kwa haraka ili tuyaache hayo. Davis alizaliwa mwaka 1957 kusini-mashariki mwa London. Alikuwa bingwa wa dunia mara sita, katika miaka ya 1981, 1983, 1984, 1987, 1988 na 1989, na kati ya 1983 na 1989 hakukosa fainali hata moja ya dunia. Januari 1982, mjini Oldham, akicheza dhidi ya John Spencer, alikuwa mtu wa kwanza kupata alama 147, ambazo ndizo za juu kabisa kwa mkupuo mmoja, mbele ya kamera za televisheni, na zawadi yake ilikuwa gari aina ya Lada. Mwaka 1988 watazamaji wa BBC walimchagua kuwa mwanamichezo bora wa mwaka, heshima ambayo hakuna mcheza snuka mwingine aliyewahi kuipata.

Sasa tuingie kwenye mtu mwenyewe.

Ukitaka kuielewa tabia yake ni lazima uanze na baba yake, Bill. Bill Davis alikuwa mpenzi mkubwa wa snuka ambaye hakuwa na kipaji cha kufika mbali, lakini alikuwa na kitu ambacho wengi wenye kipaji hawana, yaani imani kwamba mchezo huu unaweza kusomwa. Alikuwa na kitabu cha mafunzo cha Joe Davis, bingwa wa dunia mara 15 kati ya 1927 na 1946, ambaye licha ya kufanana majina hakuwa ndugu yao. Mtoto alipofikisha umri wa miaka 12 hivi, baba alianza kumpeleka kwenye klabu ya wafanyakazi, na kitabu kile kikawa msahafu wao. Walikisoma pamoja, wakajadiliana kuhusu mahali pa kuweka mguu, namna ya kushika fimbo, urefu wa kuivuta nyuma kabla ya kupiga, na jinsi kidevu kinavyopaswa kugusa fimbo. Baba alikuwa akisimama pembeni akiutazama mkono badala ya mpira, kwa sababu kwa mujibu wa kitabu, mpira ukikosea njia, chanzo cha kosa kilikuwa mkononi tangu mwanzo.

Hapo ndipo ninapoiona mizizi ya kila kitu kilichofuata. Vijana wengi wa enzi zile walijifunza snuka kwa kucheza kamari ndogondogo ukumbini na kwa kuwaiga wakubwa. Davis alijifunza kama mtu anayesoma fani, yeye na baba yake wakiwa wanafunzi wawili wa mwalimu mmoja asiyekuwepo. Uhusiano huo haukukatika alipokuwa tajiri na maarufu. Bill aliendelea kuwa mkufunzi wake hata baada ya ubingwa kupatikana, na mwana aliendelea kusikiliza.

Mtu wa pili muhimu ni Barry Hearn. Mwaka 1976, Hearn, mhasibu kijana aliyekuwa akisimamia kumbi za snuka za Lucania, alimwona Davis akicheza katika ukumbi wao wa Romford, mashariki mwa London. Hawa wawili wangeweza kuwa vitabu viwili vya sura tofauti kabisa: mmoja mwenye maneno mengi, sauti kubwa na macho ya biashara, mwingine mrefu, mwembamba, mwenye nywele za rangi ya shaba na aibu ya wazi. Davis aliposhinda ubingwa wake wa kwanza mwaka 1981 kwa kumfunga Doug Mountjoy fremu (michezo midogo inayounda mechi) 18 kwa 12, Hearn alitoka mbio akamvamia kwa kumkumbatia kiasi cha kutaka kumwangusha. Tazameni picha za tukio hilo: anayerukaruka ni meneja, na mshindi anaonekana kama mtu aliyekamilisha kazi aliyotumwa.

Watu waliiona sura hiyo wakasema huyu hana hisia. Mimi nasema walikosea kusoma. Snuka ni mchezo ambao nusu ya muda umekaa kitini ukimtazama mwenzako akikufunga, na huna la kufanya. Huwezi kumkaba, huwezi kumkimbilia, wala kocha hawezi kukupungia mkono. Davis alitambua mapema kwamba uso wake wakati amekaa kitini ni sehemu ya mchezo, kwa kuwa mpinzani humtupia jicho mwenzake kutafuta dalili ya wasiwasi. Aliamua asimpe mtu dalili hiyo. Alikaa wima, akanywa maji yake taratibu, akaitazama meza. Tukumbuke kwamba enzi hizo wachezaji walivuta sigara na kunywa pombe palepale ukumbini, na mashindano ya dunia yenyewe yalidhaminiwa na kampuni ya sigara. Katika mazingira hayo kijana wa miaka 23 anayekunywa maji na asiyeonyesha hasira alionekana kiumbe wa ajabu, na kwa baadhi ya mashabiki alionekana mtu wa kuchukiza.

Ndipo wakaja watengeneza vikaragosi wa kipindi cha dhihaka cha Spitting Image, kilichorushwa na televisheni ya ITV. Wakamtengenezea kikaragosi chake kilicholalamika kwamba hakuna anayempa jina la utani la kuvutia kama wenzake, kikajipachika chenyewe jina la Steve "wa Kuvutia" Davis, kisha kikaendelea kusimulia mambo ya kuchosha kupita kiasi. Jina likamganda. Mtu mwingine angekasirika, angekwenda mahakamani, au angeanza kufanya vituko ili kuthibitisha kinyume chake. Davis alilipokea. Alianza kulitumia mwenyewe kwenye mahojiano, akashiriki hata kutoa kitabu cha mzaha kuhusu namna ya kuwa mtu wa kuvutia, na miaka mingi baadaye kipindi chake cha redio kilibeba neno hilohilo katika jina lake. Kwa maoni yangu hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu anayeweza kuichukua dhihaka ya taifa zima akaifanya mali yake ni mtu anayejijua vizuri na asiyehitaji wageni wamthibitishie kwamba yupo.

Kikaragosi hakikujua kwamba nyumbani kwa mtu huyu kulikuwa na mrundikano wa santuri.

Naomba niendelee taratibu kwenye sehemu hii, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Tangu ujana wake Davis alikuwa mpenzi wa muziki wa soul na wa ile miziki ya roki ya miaka ya 1970 yenye nyimbo ndefu na mapigo yanayobadilikabadilika. Kundi alilolipenda kuliko yote lilikuwa Magma kutoka Ufaransa, lililoanzishwa mwaka 1969 na mpiga ngoma Christian Vander. Magma si bendi ya kuburudisha karamu. Wanaimba kwa lugha waliyoibuni wenyewe, kwaya inakuja juu ya besi nzito, wimbo mmoja unaweza kujaza upande mzima wa santuri, na msikilizaji anayeingia humo bila maandalizi hutoka akiwa ama amechoka kabisa ama ameshikwa kabisa. Davis alishikwa. Mwaka 1988, akiwa bingwa wa dunia na mmoja wa watu wanaotambulika zaidi nchini Uingereza, aliandaa maonyesho ya Magma katika ukumbi wa Bloomsbury Theatre jijini London, kwa sababu tu alitaka kuwaona na hakuna mwandaaji mwingine aliyekuwa na hamu ya kuwaleta.

Fikirieni hilo kwa makini. Ni mwaka uleule ambao taifa lilikuwa linamcheka kwa kutokuwa na chochote kichwani zaidi ya mipira ya rangi. Angeweza kuzitumia fedha na jina lake kwa kitu cha kumwongezea umaarufu, lakini aliandaa maonyesho ya bendi ambayo wengi wa mashabiki wake hawakuwahi kuisikia na wasingeipenda kama wangeisikia. Hakukuwa na hesabu ya kujionyesha katika jambo lile. Ilikuwa ni mapenzi matupu, na mapenzi ya namna ileile aliyokuwa nayo kwa kitabu cha Joe Davis: kitu kigumu, chenye kanuni zake, ambacho hakikupi ladha yake mpaka ukivumilie.

Ndiyo maana sishangai kwamba alipenda pia sataranji. Kuanzia 1996 hadi 2001 alikuwa rais wa Shirikisho la Sataranji la Uingereza, na kabla ya hapo alishirikiana na David Norwood, ambaye ni grandimasta (hadhi ya juu kabisa katika sataranji), kuandika kitabu kuhusu mchezo huo ambamo bingwa wa dunia wa mchezo mmoja alikubali kuwa mwanafunzi hadharani katika mwingine. Alicheza poka kwenye televisheni. Alicheza puli ya mipira tisa kwa kiwango cha juu, akiiwakilisha Ulaya dhidi ya Marekani katika Kombe la Mosconi kwa miaka kumi na moja mfululizo tangu lilipoanza mwaka 1994, na mwaka 2002 ni yeye aliyemfunga Earl Strickland katika mchezo ulioamua kombe, baada ya Ulaya kupoteza miaka kadhaa mfululizo. Anayemkumbuka Davis wa kitini, mkavu kama gogo, akaitazame sura yake usiku ule.

Mkuu mmoja ameuliza swali la msingi: je, sura ile ya ukimya haikuwa biashara ya Hearn, yaani bidhaa iliyotengenezwa ili iuzwe?

Mkuu, nadhani ni kinyume. Hearn aliuza alichokikuta. Angeweza kuuza ghasia kama angepewa ghasia, na baadaye aliuza kila aina ya mtu katika ndondi na vishale. Hata mwaka 1986, alipowakusanya wachezaji wake pamoja na wanamuziki Chas na Dave wakarekodi wimbo wa mzaha kuhusu snuka, ambao ulifika nafasi ya sita katika chati za Uingereza, Davis aliimba humo akiwa na uso uleule wa kijana aliyetumwa dukani, na ndiyo sababu ulichekesha. Hakuigiza. Ninachokubaliana nawe ni kwamba meneja alimwondolea kila jukumu lisilokuwa snuka, na maisha ya aina hiyo yana gharama. Mtu anayefanya mazoezi kutwa nzima, kila siku, kwa miaka kumi, hawezi kuwa rafiki mwema kwa kila mtu wala mtu mwepesi wa kuishi naye, na ukiwasikiliza mabingwa wengi wa fani yoyote watakwambia kwamba kilele kina ubinafsi ndani yake. Sioni haja ya kumtakasa Davis kwa hilo.

Mkuu mwingine amesema kwamba watu walianza kumpenda pale tu alipoanza kushindwa. Hilo ni kweli, na lina maelezo yake.

Mwaka 1990 Stephen Hendry alichukua ubingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 21, na muongo uliofuata ukawa wake. Davis hakutwaa tena ubingwa wa dunia pale Crucible, ukumbi wa Sheffield yanakochezwa mashindano hayo. Kwa mtu aliyezoea kuwa wa kwanza kwa misimu saba mfululizo, njia ya heshima iliyozoeleka ni kustaafu, kuvaa suti na kukaa kwenye studio. Yeye alifanya kazi ya uchambuzi wa BBC, lakini fimbo hakuiweka chini. Mwaka 1997 alishinda shindano la Masters kwa kumfunga Ronnie O'Sullivan 10 kwa 8 baada ya kuwa nyuma 8 kwa 4. Mwaka 2005, akiwa na miaka 48, alifika fainali ya Mashindano ya Uingereza akafungwa na Ding Junhui aliyekuwa na miaka 18. Mwaka 2010, akiwa na miaka 52, alimtoa bingwa mtetezi John Higgins kwa 13 kwa 11 pale Crucible, akaingia robo fainali, na ukumbi uliowahi kumzomea kimoyomoyo ukasimama kumpigia makofi.

Katikati ya vipindi hivyo vya kung'aa kulikuwa na miaka mingi ya kufungwa na vijana wasiojulikana katika vibanda vya mechi za mchujo, bila kamera na bila watazamaji. Watu walimwonea huruma. Wengine walisema anaharibu jina lake. Mimi naona hapa ndipo tabia yake ilipojidhihirisha kwa ukamilifu kuliko hata alipokuwa akishinda, kwa sababu wakati wa ushindi huwezi kutenganisha upendo wa mchezo na upendo wa sifa. Sifa zilipokwisha, mchezo ukabaki, na yeye akabaki nao. Alisafiri, akapanga foleni ya mchujo kama wengine, akafungwa, akarudi mazoezini kurekebisha mkono ambao alikuwa ameurekebisha maisha yake yote.

Na baba yake alikuwa bado hai. Bill aliendelea kumtia moyo acheze, na kwa Davis mazungumzo kuhusu mchezo yalikuwa mazungumzo na baba. Bill alifariki mwanzoni mwa mwaka 2016. Mwezi Aprili mwaka huohuo, baada ya kufungwa na Fergal O'Brien katika mchujo wa mashindano ya dunia, Davis alitangaza kustaafu akiwa na miaka 58, akaeleza wazi kwamba kifo cha baba ndicho sababu kuu. Aliingia uwanjani Crucible akiwa na kombe la dunia mkononi, watu wakasimama. Kazi ya watu wawili ilikuwa imemalizika, na mmoja wao peke yake hakuwa na sababu ya kuiendeleza.

Wengi waliishia hapo kumfuatilia. Ila kwa anayetaka kumjua mtu nje ya mchezo, sehemu inayofuata ina mengi zaidi.

Miaka kadhaa kabla ya kustaafu alikuwa tayari anaendesha kipindi cha muziki katika redio ya kijamii ya Phoenix FM huko Brentwood, Essex. Haikuwa redio ya fedha wala ya umaarufu. Alikuwa akipiga miziki ile migumu aliyoipenda, na aliungana na Kavus Torabi, mpiga gitaa aliyezaliwa Iran na kukulia Uingereza, ambaye alipitia bendi ya Cardiacs na baadaye akaiongoza Gong. Urafiki wao ulijengwa juu ya Magma na miziki ya jamii hiyo. Kutoka redioni wakaitwa kuchezesha santuri mbele ya watu, na mwezi Juni 2016, miezi michache tu baada ya kuagana na Crucible, Davis alikuwa kwenye tamasha la muziki la Glastonbury akiwachezeshea watu muziki wa kielektroniki. Magazeti yaliandika habari hiyo kwa mshangao, kama kwamba mzee amepatwa na wazimu wa ghafla. Hapakuwa na ughafla wowote. Alikuwa anawachezea santuri alizozikusanya kwa zaidi ya miaka arobaini.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ni la ujasiri zaidi. Alianza kujifunza kupiga ala. Hakuchagua gitaa wala piano. Alichagua sintesaiza ya vipande. Kwa ambao hawajaiona, hiki ni chombo kinachoundwa na visanduku vidogovidogo vilivyofungwa kwenye fremu moja, kila kisanduku kikiwa na kazi yake moja: hiki kinazalisha mlio, kile kinauchuja, kingine kinaamua mlio uanze kwa ghafla au taratibu, na kingine kinapiga mapigo ya kuviongoza vingine. Havifanyi kazi mpaka uviunganishe kwa nyaya fupi, kutoka tundu hadi tundu, na si lazima kiwe na vibonye kama vya piano. Unazungusha kitasa kiasi cha unywele, sauti inabadilika. Ukichomoa nyaya, sauti ile uliyoipata kwa saa nzima imepotea, na kuirudisha sawasawa ni kazi ngumu sana. Akiwa anakaribia miaka 60, bila mafunzo ya muziki, Davis alikaa na chombo hicho akakisoma kama alivyokisoma kitabu cha Joe Davis.

Yeye, Torabi na Michael J. York, mpiga zumari za mfuko na ala nyingine za kupuliza, wakaunda kundi la The Utopia Strong. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2019 na ya pili mwaka 2022. Muziki wao hauna maneno kwa sehemu kubwa, unaanza polepole, unajengeka kwa marudio, na mwingi umetokana na kupiga bila kupanga, kila mmoja akisikiliza mwenzake anaelekea wapi.

Kuna mkuu aliyeandika kwamba kuruka kutoka snuka hadi huko ni kuruka mbali mno, na kwamba huenda ni burudani ya mtu tajiri tu. Kuhusu utajiri, ni kweli kwamba hahitaji fedha za muziki, na hilo lilimpa uhuru ambao mwanamuziki maskini hana. Lakini sikubali kwamba ni mbali. Kazi ya mikono ni ileile, ya kupima mambo madogo sana na kusikiliza matokeo. Ninaloliona mimi kuwa tofauti, na pengine ndilo lililomvuta, ni hali ya kosa. Katika snuka ya Davis, kosa lilikuwa adui wa kudumu. Baba na mwana waliliwinda kwa miaka 40, na kila moja lilikuwa na adhabu yake ya papo hapo, maana mpinzani anainuka kitini na wewe unakaa. Katika chombo kile, waya ulioingizwa tundu lisilokusudiwa unaweza kuleta mlio bora kuliko uliokuwa unautafuta, na wenzako wawili wakaufuata. Kwa mtu aliyeishi maisha yake yote chini ya sheria ya kwanza, nadhani sheria ya pili ilikuwa pumziko kubwa.

Na sasa nimjibu aliyeuliza kuhusu fainali ya dunia ya 1985, ile aliyoipoteza kwa mpira wa mwisho, kwa sababu hakuna uzi wa Davis unaoweza kuikwepa.

Aliongoza fremu 8 kwa 0 dhidi ya Dennis Taylor wa Ireland Kaskazini. Taylor akarudi kidogo kidogo hadi 17 kwa 17. Fremu ya mwisho ilichukua dakika 68, saa sita za usiku zilishapita, na watu milioni 18.5 nchini Uingereza walikuwa macho wakitazama BBC2. Davis aliongoza kwa alama 62 kwa 44 ikiwa imebaki mipira minne, na Taylor akahitaji yote minne. Akatumbukiza wa kahawia, wa bluu, wa waridi. Ukabaki mweusi peke yake. Walipokezana majaribio, kila mmoja akikosa, mpaka Davis akapata nafasi ya kuukata mweusi kwa wembamba, yaani kuugusa pembeni tu, uingie kwenye tundu la kona. Akaukata mno. Mpira ukagonga ukingo, ukabaki wazi, Taylor akautumbukiza na kuinua fimbo juu ya kichwa kwa mikono miwili.

Mahojiano ya palepale yalikuwa mafupi na ya maumivu. Majibu ya Davis yalitoka kwa shida na waliomchukia walifurahi kwa wiki nzima. Alishindwa tena fainali ya mwaka uliofuata na Joe Johnson ambaye hakutarajiwa kabisa. Kisha akashinda tatu mfululizo, ya mwisho kwa 18 kwa 3 dhidi ya John Parrott. Hayo yanaonyesha uimara, na wengi huishia kuyasifia hayo.

Mimi navutiwa zaidi na alivyoishi na pigo lile baadaye. Hakulificha, hakulitafutia visingizio, wala hakumkwepa Taylor. Mwaka 2010, miaka 25 baada ya tukio, wawili hao walirudi Crucible kuigiza upya fremu ile ya mwisho mbele ya watazamaji waliocheka pamoja nao, na kwa miaka mingi wamezunguka kumbi wakiisimulia, Taylor kama mshindi na Davis kama aliyekosa. Ni mtu mwenye mataji sita ya dunia, lakini mpira anaoulizwa kila siku ni ule mmoja alioukosa, naye huueleza kila mara kwa utulivu na ucheshi, kuanzia pembe aliyoiona, namna mkono ulivyokwenda, hadi mahali mpira ulipogonga. Anaueleza kiufundi, kama alivyofundishwa na Bill.

Waliouliza wapi pa kuanzia kumsikiliza: anzeni na albamu ya kwanza ya The Utopia Strong, mwanzo hadi mwisho bila kuruka, halafu mtafute Magma wa miaka ya 1970. Msipoipenda mara ya kwanza, ipeni nafasi ya pili siku nyingine mkiwa mmetulia. Wenye kumbukumbu za mechi zake za mwisho za mchujo, hasa zile ambazo hazikuonyeshwa, tafadhali ziwekeni hapa, kwa sababu sehemu hiyo ya maisha yake imeandikwa kidogo sana.